Aliye Hai Ndiye Doto

Juzi tumemzika Doto. Alikufa kitandani, mzee aliyekula chumvi nyingi, wajukuu wamemzunguka, na padri kijana wa parokia alisimama kaburini akasema kwa sauti nzuri kwamba marehemu alikuwa pacha, aliyezaliwa wa pili. Wa pili! Nilijikuta nacheka. Nikajiziba mdomo kwa kanga, na mama mmoja aliyesimama kando yangu akanipigapiga mgongoni akidhani nalia. Ningemweleza nini? Kati ya watu wote waliokuwa pale, nadhani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwa na hakika kama Doto alizaliwa wa pili au wa kwanza, hata yeye mwenyewe. Sasa nimerudi kwangu Kambarage, miguu imevimba kwa safari, nimekaa barazani na chai imepoa, na mwaka ule umenikalia kichwani hautaki kutoka. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu. Huo ndio mwaka ambao hesabu ilinishinda, na sioni raha yoyote kusema kwamba mpaka leo imenishinda.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, na sabuni nayo imekwisha. Tulifua kwa majani ya mpapai na tukashukuru. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, msichana mwenye mdomo, nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja kati ya Ushirombo na Bulyanhulu, mahali ambapo wanaume walikuwa wameanza kuyaacha mashamba ya pamba na kwenda kuchimba dhahabu kwa nyundo na tindo. Nyumba ya mwalimu ilikuwa haijaezekwa, kwa hiyo nikapewa chumba kwa Mama Kulwa, mjane aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia. Ukuta uliokitenga na sebule haukufika juu. Maneno yote ya nyumba ile yaliupanda ukuta yakanishukia kitandani, pamoja na moshi na harufu ya dagaa, na niliwajua watu kwa sauti zao kabla sijazoea sura zao. Asubuhi tulikunywa uji usio na sukari na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Jioni ugali wa mtama na muhogo, na mlenda uliotiwa karanga. Sijawahi kula vizuri hivyo tena, au labda sijawahi kuwa na njaa nzuri hivyo tena.

Jina langu ni Shija, na katika nchi yetu jina hilo si jina tu. Wakizaliwa mapacha, anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Ukiniita, umeshajua walionitangulia. Mama Kulwa alikuwa na mapacha wake, vijana wakubwa wenye vifua kama milango, na baada yao hakuzaa tena. Siku niliyofika na sanduku langu la bati, Kulwa aliangua kicheko. "Mayu, tazama," alimwambia mama yake kwa Kisukuma, "Shija wako amekuja mwenyewe, tena kwa miguu, na ana cheti!" Mama Kulwa akasema karibu mwanangu, wenzako wamekutangulia. Nilitaniwa hivyo mwaka mzima. Mapacha walionitangulia mimi walikufa wachanga, na mama yangu aliwahi kuniambia kwamba kama wangeishi angepumzika kuzaa. Basi mimi nipo kwa sababu wao hawapo. Nikilifikiri jambo hilo sana, kichwa kinauma: katika dunia ile ambayo wao wamepona, hakuna mtu anayekaa barazani akijiuliza kwa nini Shija hayupo.

Mapacha wale walifanana mpaka inachosha. Niliwatofautisha kwa mwendo, Doto akitembea kwa haraka kama aliyesahau kitu, Kulwa akijivuta. Kazi zao pia zilitofautiana. Doto alikuwa na nafasi katika duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na alishuka kila siku. Kulwa alilima pamba. Si kwamba alipenda pamba. Mama yake alimkataza kabisa kukaribia mashimo, na sababu hakuitoa. "Doto aende, wewe lima." Kulwa alinung'unika, Doto akamcheka, na nyumba ikaendelea. Mimi nilimhurumia huyo aliyekatazwa, na huruma ni mlango mbaya, maana haikupita muda nikawa nasikiliza mwendo wake wa kujivuta uani kabla sijasikia kengele ya shule.

Kisha jioni moja, kabla ya mvua za kwanza, walimleta Doto kwenye baiskeli. Dari la duara lilikuwa limemporomokea, wenzake wakamfukua akiwa hai, mguu umevunjika na kichwa kizima cheupe kwa vumbi. Mama Kulwa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mama mwingine angepiga yowe, au angemshukuru Mungu. Yeye alimwangalia mwanawe, mwiko ukamponyoka, akasema kwa sauti ndogo: "Kumbe ni wewe! Kumbe Kulwa ni wewe!" Watu walidhani mshtuko umemvuruga. Alikuja mganga wa kuunga mifupa, mguu ukafungwa vibanzi, wageni wakaondoka. Baada ya kula, nikiwa chumbani kwangu, nilimsikia akiwaeleza wanawe jambo alilolificha tangu wakiwa wachanga, na ukuta ule mfupi ukanifanya nami mwana wa nyumba.

Alisema hivi. Walipozaliwa, alikwenda kwa mfumu, mtu anayeagua, ingawa alikuwa Mkristo na rozari alikuwa nayo kifuani. Mfumu akawaangalia watoto, akasema: ardhi inamtaka Kulwa, asije akashuka shimoni. Wakati ule hapakuwa na mashimo ya kutisha zaidi ya visima na vyoo, naye hakujali sana. Alimfunga Kulwa uzi mweusi mkononi ili asimchanganye na mwenzake, akaendelea kuwalea. Halafu surua ikaingia kijijini. Alikaa nao zahanati, wote wawili hoi, wamekonda wakawa mifupa, uzi na nguo vikavuliwa ili waogeshwe kupoza homa. Homa ilipotulia akawakuta wamelala kitanda kimoja, uchi, hawana alama. "Nikawaangalia mpaka macho yakauma," alisema. "Nikamchukua mmoja nikasema, huyu Kulwa. Nikamfunga uzi. Ningefanya nini? Ningerudi nyumbani niseme sijui watoto wangu?" Kisha Kulwa akauliza, kwa upole ulioniliza mimi huku upande wangu: "Kwa hiyo, mayu, mimi ni nani?" Akajibiwa: "Sijui, baba. Hata mimi watu wananiita Mama Kulwa, na huyo Kulwa simjui."

Kesho yake jioni walinijia jikoni nikimenya karanga. Doto alikuwa ameegemea fimbo, Kulwa amembeba nusu. "Mwalimu," Doto alisema, "wewe unafundisha hesabu. Tufanyie hii." Nilijiona mtu wa maana sana. Nikawaambia hesabu ni rahisi: mama alichagua bila kujua, kwa hiyo kila mmoja wenu ana nusu ya kuwa Kulwa. Nusu kwa nusu, imekwisha. "Haijaisha," alisema Doto. "Ardhi imenikamata. Hiyo si inaonyesha inanitaka mimi?" Nikafikiri, nikakubali kwamba inaonyesha kidogo. "Lakini ilimwachia," alisema Kulwa. "Ameshuka miezi yote hii, akatoka. Hata ilipomkamata ikamtema. Ingekuwa inamtaka, ingemtema?" Nikafikiri tena, nikaona na hilo nalo ni kweli. Jambo moja lile lile, dari lililoporomoka na mtu akatoka, lilikuwa linasukuma hesabu huku na huku, kila upande kwa nguvu sawa. Niliendelea kumenya karanga nisionekane nimekwama. Ningewaambia mfumu ni muongo, na hapo mwanzo nilijaribu, ila Doto aliniuliza kama mimi niko tayari kulala usiku mmoja ndani ya lile duara, nikakuta siko tayari.

Kwa wachimbaji wale kulikuwa na utaratibu: nafasi ya mtu katika duara hushikwa na ndugu yake. Mtu akiugua, ndugu anashuka badala yake. Nafasi ikikaa wazi, hupewa mwingine, na aliyetoka ndiyo basi. Wenye duara walikuwa wameanza kuona mwamba wenye dalili nzuri, na walimpelekea Doto salamu kwamba wanamsubiri yeye au nduguye. Kulwa alisema atashuka yeye. Mama yake alilia, akapiga magoti, akatishia kujinyonga. Mimi nilimngoja shambani siku hiyo, kati ya pamba, nikamwambia asiende. Alinijibu kwa utulivu, akichambua pamba huku anaongea. "Sikiliza, Shija. Doto mguu ukipona atarudi tu, unamjua. Kama anayetakiwa ni yeye, mara ya pili hatapona. Mimi sijashuka hata mara moja. Mimi bado ni nusu nzima, haijaguswa. Sasa kati yetu sisi wawili, nani ashuke?" Nikamwambia nusu yake ni nusu ile ile ya Doto, kwamba akiwa mmoja ni Kulwa mwingine siye, kwamba huwezi kuipandisha moja bila kuishusha nyingine. Akacheka. "Hesabu yako inageuka kila siku, mwalimu. Jana ulisema nusu, leo unasema nusu, lakini jana ilikuwa ya kunituliza na leo ni ya kunitisha." Nilimpenda mtu yule, niseme tu. Nilikuwa nataka abaki juu ya ardhi, na hoja zangu zote zilikuwa zinakimbilia huko kabla sijazifungulia mlango.

Akashuka. Siku ya kwanza Mama Kulwa hakupika. Wachimbaji walikula michembe mikavu bila kulalamika, maana habari ya mfumu na uzi ilikuwa imeshaenea kijiji kizima. Jioni Kulwa akatoka mzima, akaingia uani na vumbi lake, akasema kwa sauti kubwa ili sote tusikie: "Haya, leo nimekuwa Doto kidogo!" Tulicheka mpaka machozi, hata mama. Ikawa ndiyo salamu yake. Kila jioni alitoka, akanawa, akasema, "Leo nimezidi kuwa Doto." Nami nilimpa hesabu yake, kwa sababu aliniomba na kwa sababu, Mungu anisamehe, nilifurahi kuipata. Niliweka vibuyu viwili mbele yake. Nikamwambia chukulia kimoja kina karanga nzuri tupu, kingine kimechanganywa na zilizo chungu, wewe hujui ni kipi ulichoshika. Tafuna moja. Ikiwa tamu, huna hakika, lakini umepata moyo. Tafuna nyingine tamu, moyo unazidi. Kadiri unavyotafuna tamu, ndivyo unavyoamini kwamba umeshika kile kizuri. Kulwa alipenda sana mfano ule, na karanga pia alizipenda, akavimaliza vibuyu vyote viwili.

Aliyekuwa hacheki ni Doto. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mguu ameunyoosha, akamtazama nduguye akirudi kila jioni, na nilianza kuona kitu ambacho nilipaswa kukiona kwenye mfano wangu mwenyewe. Kama Kulwa anazidi kuwa Doto, basi Doto anazidi kuwa Kulwa. Kijana yule hakuwa amefanya chochote. Alikaa tu. Na kila jioni mwenzake alipoingia uani akiwa hai, yeye alisogezwa hatua nyingine kuelekea kwenye jina ambalo ardhi inalitaka. Mguu ulipopona hakurudi duarani. Kisha akaacha kwenda kisimani. Kisha akakataa kuchimba viazi, akisema mgongo unauma. Tulipokaa kula, alikuwa anaviringisha tonge hilo hilo mpaka likapoa. Siku moja aliniuliza, na hakuwa na hasira hata kidogo, ndilo lililonichoma: "Mwalimu, yeye akitoka mzima, mimi nimefanya nini?" Nikamwambia hujafanya kitu, ni hesabu tu. "Basi hesabu gani hiyo inanizika nikiwa nimekaa?" Nilikwenda chumbani nikajilaza, nikasikia juu ya ukuta Kulwa akimwambia aache ujinga, na Doto akijibu: "Wewe sema hivyo. Wewe ni Doto."

Ni katika siku hizo ndipo akili yangu ilipopata ufa ambao haujazibika. Nilikuwa darasani, watoto wanaimba jedwali la saba, na mfano wa karanga ukanirudia ukiwa umegeuka. Karanga chungu inatemwa tu, na mtu anaendelea kusimulia. Lakini kama ile chungu inaua? Basi kila mtu anayesimama mbele yako na kusema nimetafuna tamu tupu, ni lazima awe ametafuna tamu tupu, awe ameshika kibuyu chochote. Aliyeonja chungu hayupo wa kuulizwa. Kulwa alipoingia uani kila jioni akihesabu kutoka kwake kuwa ni ushahidi, je, ulikuwa ushahidi, au ulikuwa tu ni sharti la yeye kuingia uani? Nilikimbia kumwambia. Alinisikiliza, akakuna kichwa chenye vumbi. "Kwa hiyo unasema sijazidi kuwa Doto?" Sijui, nikamwambia. "Lakini nimetoka." Umetoka. "Na kama ningekuwa Kulwa ingekuwa vigumu zaidi kutoka." Ingekuwa vigumu zaidi. "Basi nimezidi!" Na mpaka hapo yuko sahihi, na mimi nilikuwa sahihi, na tulikuwa tunasema mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Siku hizi nawasikia watu kwenye redio wakiusema ulimwengu mzima hivyo hivyo: umetuvumilia mpaka leo, basi utaendelea kutuvumilia. Huenda. Ila dunia iliyoshindwa kuvumilia watu haina redio, haina hata mtu wa kushangaa. Nikisikia hayo nazima, nakwenda kumwagilia mchicha.

Doto aliondoka. Lori la mizigo lilikuwa linakwenda Isaka, kwenye stesheni, na alikuwa amesikia kuna kazi ya kupakia mabehewa. "Kule kila kitu kiko juu ya ardhi," alisema. Mama Kulwa alimfungia michembe katika kitambaa. Ndugu wawili walishikana mikono kama watu wasiojuana vizuri, na hilo liliniuma kuliko machozi yoyote, kwa sababu watu wale walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu tumboni. Kulwa alisimama akiangalia lori mpaka vumbi likatua. Akaniambia: "Amekwenda na jina langu." Wiki zilizofuata alikuwa mchangamfu kupita kiasi, mchangamfu wa mtu anayeogopa kunyamaza. Alianza kuzungumza habari za kuja kwetu kuposa. "Nitajitaja nani mbele ya wazee wenu? Nikisema Kulwa, watasema Shija anaolewaje na kaka yake! Nikisema Doto, hali ni ile ile." Nikamwambia aje kwanza, jina tutalitafuta njiani. Alikuwa ameacha kabisa kuogopa shimo. Woga ule wa mwanzo, uliomfanya agonge kila nguzo kabla ya kupita chini yake, jioni baada ya jioni zilikuwa zimeumaliza. Hilo nililiona. Nilimwambia agonge nguzo. Akasema Doto hahitaji kugonga nguzo.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na ya tatu jua likawaka wakashuka. Nilikuwa shuleni. Mtoto mmoja alisimama dirishani akasema, mwalimu, duara limekaa, limewaporomokea. Nilikimbia nikiwa na chaki mkononi. Wanaume walifukua mpaka jioni, na walipompata hakuwa na jeraha hata moja, amefunga macho tu, udongo umemjaa kinywani. Wenzake wote walitolewa wakiwa hai, yeye peke yake ndiye aliyekufa. Na palepale, kabla hata hajafunikwa shuka, nikasikia mzee mmoja nyuma yangu akisema, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu: "Kumbe mama yake hakukosea. Ndiye Kulwa kweli." Likapita mdomo hadi mdomo. Ndiye. Ndiye kweli. Mfumu alisema. Zile jioni zote za kuzidi kuwa Doto zilifutika kwa mara moja, na huko Isaka, kijana aliyekuwa anabeba magunia bila kujua lolote aliacha kuwa Kulwa. Nilitaka kuwapigia kelele. Nilitaka kuwaambia kwamba kama mguu wa Doto usingevunjika, kama yeye ndiye angekuwa amelala pale na udongo kinywani, wangesema maneno hayo hayo: kumbe mama alikosea, kumbe huyu ndiye Kulwa. Huyo aliyekufa shimoni, awe yupi, lazima awe Kulwa. Anayebaki hai, awe yupi, ni Doto. Hilo si jibu! Lakini sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye tope na gauni langu la kufundishia, nikalia kwa sauti, na wote wakajua lililokuwa moyoni mwangu.

Msalaba wa mbao ulitengenezwa, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifika niliombwa nipake jina. Nilimwuliza Mama Kulwa, kwa sababu ilikuwa haki yake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, wanawake wamemshika huku na huku. "Andika wanavyosema," alijibu. Nikaandika Kulwa. Rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika kutoka kwenye herufi ya mwisho, nikaifuta kwa kidole.

Doto tulimtumia habari kwa dereva wa lori. Alifika baada ya maziko, mchana, lori likasimama barabarani akashuka nyuma, na wanawake waliokuwa wakiomboleza walinyamaza wote. Hebu fikiri: uso ule ule uliokuwa umefunikwa udongo unakuja unatembea. Ila ulikuja kwa haraka, kama aliyesahau kitu. Wazee walitangulia kumpa mkono. Pole Doto, walisema, pole sana Doto, na kila mmoja alilikazia jina lile, wakidhani wanampa zawadi. Nilimwona akilipokea. Nilimwona pia anavyovuta pumzi ndefu, mabega yakishuka, mtu aliyekuwa amekaa na kifo miezi mingi na sasa ameambiwa si chako. Halafu nikamwona anaelewa ni nini kilichomletea pumzi ile, uso ukamkunjamana kwa aibu. Mama yake alijitoa mikononi mwa wanawake, akasimama.

"Doto," aliita.

"Mayu, una hakika?"

"Sina," alisema. "Ingekuwa wewe uliyekufa, yeye ndiye ningemwita Doto, nikamkumbatia hivi hivi." Akamkumbatia. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kuanza kulia. Kisha Doto akainua uso juu ya bega la mama yake, akazungusha macho mpaka akaniona mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "ndugu yangu mmemlaza wapi?"

Hakutaja jina, na mimi sikulitaja. Nikamshika mkono nikampeleka.